HUYU NI NYAMA GANI?
Namna ya kutambua wanyama wa parke katika foto



Siku hizi karibu kila nyumba iko na telefone inayopiga foto. Watu wanapotoka kutembea kwenye Zoo ya Lubumbashi, au wanapopita kwa njia ya Upemba na Kundelungu, wanarudi na foto mingi. Usiku jamaa wanakaa pamoja, telefone inapita mukono kwa mukono, na mutoto anauliza: «Baba, huyu ni nyama gani?» Baba anaangalia kidogo, anakohoa, anajibu: «Njo ngandu, mwanangu.» Mama anasema: «Hapana, ni kenge.» Mujomba naye anasema ni «dragon». Foto inapita, mutoto hapati jibu.

Watu wengine watasema: jina la nyama linaleta faida gani? Nyama wa pori ni nyama wa pori. Sisi tunasema jina ni kitu kubwa, kwa sababu tatu. Kwanza, mutu asiyejua nyoka wa sumu na nyoka asiye na sumu anaweza kupoteza mutoto wake. Pili, mutu asiyejua anaua viumbe mingi bure, hata wale wanaomusaidia shambani. Tatu, nyama asiye na jina hana mulinzi. Tuanze na hii ya tatu, maana mufano wake unatoka hapa kwetu.

FOTO MOJA YA UPEMBA

Parke ya Upemba ilianzishwa katika mwaka 1939, zamani za Wabelgiji. Ni kubwa sana, inapita kilometa za mraba 10,000. Upande mumoja kuna milima ya Kibara, pahali pa baridi na majani mafupi, na kituo cha Lusinga kiko kule juu. Upande wa chini kuna bonde la Kamalondo, ambamo muto Lualaba unapita katikati ya maziwa na matete, na Ziwa Upemba lenyewe liko hapo. Ni inchi ya samaki, ya ndege wa maji, ya viboko na ya nyama mumoja anayeitwa lechwe.

Lechwe ni nyama wa pembe, wa namna ya swala, anayependa kukaa katika maji ya magoti. Kwato zake ni ndefu, kusudi asizame katika matope. Kwa miaka mingi wataalamu walizani kwamba lechwe wa Upemba ni sawa na ndugu zake wa Zambia. Katika mwaka 2005 mutaalamu mumoja, jina lake Fenton Cotterill, alipima vichwa, pembe na ngozi za lechwe wa zamani waliowekwa katika nyumba za makumbusho huko Ubelgiji. Akaona kwamba wa Upemba si wale wa Zambia. Akawapa jina lao: Kobus anselli, kwa heshima ya W. F. H. Ansell, mutu aliyejifunza sana wanyama wa Zambia.

Sasa fikiri vizuri. Nyama alipata jina kutoka kwa mifupa iliyolala katika sanduku, lakini hakuna mutu aliyekuwa amechapa foto yake akiwa mzima. Ilifika mwaka 2023, wakati watu walipopita juu ya bonde kwa ndege kusudi wahesabu wanyama. Waliona lechwe kumi tu. Foto ilipigwa, na katika mwaka 2025 ilichapwa mbele ya wataalamu wa ulimwengu muzima. Wanazani wale waliobaki hawafiki mia moja.

Kumi! Wakubwa wetu wa bondeni wanakumbuka makundi makubwa. Silaha, njaa na vita vimewamaliza. Na kama mutu yule wa ndege hangejua kutofautisha lechwe na puku, foto ile ingewekwa pamoja na zingine, na hakuna mutu angelia juu yao. Hii njo nguvu ya kutambua. Sisi watu wa inchi ya shaba tunajua jambo hili vizuri: jiwe la kijani ni jiwe tu kwa mutu asiyejua, lakini anayejua malakiti analiokota na kuliweka katika mufuko.

MBELE YA TELEFONE

Wazee wa siyansi walifanya kazi hii bila telefone. Kutoka 1946 mpaka 1949, Mubelgiji Gaston-François de Witte alizunguka Upemba pamoja na wasaidizi wengi wa vijiji vya kule. Walikusanya nyoka, mijusi, kobe, vyura, wadudu, wakavitia katika chupa za alkoli. Kitabu chake juu ya nyama wa magamba wa Upemba kilitoka katika 1953. Watu waliojua kule nyoka analala na saa gani anatoka walikuwa wana-vijiji wenyewe, hata kama majina yao hayakuandikwa juu ya kitabu.

Kazi haijakwisha. Katika 1981 Donald Broadley alitoa jina kwa kobe mumoja wa maji: Pelusios upembae, maana yake kobe wa Upemba. Anakaa katika inchi yetu tu, katika maji ya Upemba na Lualaba. Katika 2012 mujusi mumoja wa miiba kutoka milima ya Marungu, upande wa Tanganyika, alipata jina Cordylus marunguensis. Kwa hiyo kijana, usifikiri kwamba kila kitu kimekwisha kujulikana. Katika mawe ya kwetu kuna viumbe vingine ambavyo hakuna mutu amevipa jina la siyansi.

MAMBO MATANO YA KUANGALIA

Unapopata foto ya nyama usiyemujua, usikimbilie jina. Jiulize kwanza haya:

1. Foto ilipigwa wapi? Kwenye maji, mawe, pori la miti, majani mafupi? Katika inchi gani? Nyama wa inchi ya mbali hawezi kulala katika shamba la muhogo la Likasi.

2. Ukubwa wake ni nini? Foto inadanganya sana. Mujusi aliye karibu na apareyi anaonekana kama ngandu. Tafuta kitu unachokijua pembeni yake: jani, kiatu, tofali.

3. Umbo la mwili ni namna gani? Shingo ndefu ao fupi, mukia munene ao mwembamba, miguu mingapi, vidole namna gani.

4. Alama zake ni zipi? Mistari, madoa, pete, ufito juu ya jicho. Lakini usitegemee rangi peke yake, tutaona sababu yake.

5. Anafanya nini? Anapanda muti, anaota jua, anachimba, anainua kichwa?

Ukishapata majibu matano, njo unaweza kutafuta jina. Na ukikosa jina kamili, si haya kusema: «Ni kinyonga, lakini aina yake sijui.» Mutu anayesema hivi anasaidia kuliko yule anayebuni jina.

NGANDU AO KENGE?

Turudi kwa foto ya baba na mama. Ngandu ana mugongo wa magamba makubwa na magumu, kama mabati yaliyopangwa. Shingo yake ni fupi na nene. Kenge, ambaye wengine kwetu wanamuita mbulu, ana shingo ndefu, ngozi ya magamba madogo madogo, na ulimi mrefu uliogawanyika mbele kama wa nyoka. Anautoa nje kila mara, maana anasikia harufu nao. Ngandu hatoi ulimi namna hii hata siku moja. Kenge wa maji anaweza kupita metre mbili, lakini mutoto wa ngandu anapotoka katika yai ana santimetre 30 tu. Kwa hiyo mukubwa si lazima ngandu, na mudogo si lazima kenge. Angalia ulimi, shingo na mugongo.

Na tusisahau: katika mito ya Kongo kuna ngandu wa aina tatu. Kuna yule mukubwa anayeitwa wa Nil, mwenye hatari kwa watu. Kuna mwenye mudomo mwembamba kama koleo, anayekula zaidi samaki. Na kuna mudogo wa pori la mvua, ambaye mara mingi hafiki metre mbili.

Hapa tutaje pia jina moja linalochanganya watu. Katika vitabu vya Kiswahili vya Tanzania na Kenya, «mamba» ni ngandu. Lakini katika Kifaransa, «mamba» ni nyoka, yule mrefu wa sumu kali ambaye Kiswahili kinamuita koboko. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma «mamba alikuwa ndani ya muto» asifikiri ni nyoka anayeogelea!

WALE TUNAOWAONEA BURE

Kinyonga. Watu wengi wanamuogopa kuliko simba. Wanasema analeta bahati mbaya, wanamutupia mawe. Kinyonga hana sumu. Hana hata mbio ya kukimbia. Kumutambua ni rahisi: vidole vyake vimeungana makundi mawili, kama koleo ya kushika tawi, macho yake yanageuka kila moja upande wake, ulimi wake unaruka mbele kukamata wadudu. Kinyonga wa kawaida wa kwetu ana vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa, kama masikio. Na rangi? Leo ni kijani, kesho kahawia. Ndiyo maana tulisema usitegemee rangi.

«Nyoka wa vichwa viwili». Wachimbaji na wakulima wanamukuta katika udongo, wanashituka. Mwili wake ni wa waridi ao kahawia, umepigwa pete pete kama munyoo, macho hayaonekani, na mukia wake ni butu, unafanana na kichwa. Huyu hana vichwa viwili, wala haiko nyoka. Ni nyama wa magamba anayeishi chini ya udongo na kula wadudu. Hana sumu hata kidogo.

Kobe wa maji. Akiogopa, anakunja shingo pembeni chini ya gamba, tofauti na kobe wa inchi kavu anayeirudisha moja kwa moja ndani. Aina zingine, kama yule wa Upemba, ziko na mulango mudogo mbele ya gamba la tumbo, unafungwa kama dirisha. Ukipiga foto ya kobe, piga ya juu na ya pembeni. Na kama mulinzi wa parke anamushika, omba upate foto ya tumbo pia, kwa sababu alama kubwa ziko kule.

NYOKA: KANUNI ZINAZODANGANYA

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka anashituka hata akiona kamba. Ni kweli. Lakini woga peke yake haufundishi. Katika kambi na vijiji vyetu watu wako na kanuni zao za kutambua nyoka wa sumu. Nyingi ni uongo. Tuzipime moja moja.

«Nyoka wa sumu ana kichwa cha pembe tatu.» Kifutu, wengine wanasema pili, ana kichwa kipana kweli, na mwili munene wa alama za V. Lakini koboko na fira wana vichwa vyembamba, na wanaua haraka kumupita. Tena nyoka asiye na sumu akiogopa anatandaza kichwa chake kusudi aonekane mubaya.

«Nyoka wa sumu ana jicho kama la paka.» Angalia nyoka wawili wa kwetu wanaofanana sana. Wa kwanza ni yule mufupi wa kijivu mwenye madoa ya kahawia mugongoni na alama ya V juu ya kichwa, ambaye Wafaransa wanamuita vipère nocturne. Ana sumu, lakini kijishimo cheusi cha jicho lake ni cha muviringo. Wa pili ni nyoka wa kula mayai: ana madoa kama yale, anafungua kinywa na kutoa sauti kali, lakini hana hata meno ya kuuma mutu. Yeye njo mwenye jicho la paka! Mutu anayefuata kanuni atamushika mwenye sumu na kumuua asiye na kosa.

«Nyoka wa kijani ni wa majani tu, hana kitu.» Kuna nyoka wembamba wa kijani wasio na hatari, wanaokula vyura. Lakini kuna na yule wa miti ambaye Waafrika ya Kusini wanamuita boomslang. Dume wake mara mingi ni kijani, jike ni kahawia. Kichwa chake ni kifupi na jicho lake ni kubwa sana. Sumu yake inakawia. Inazuia damu kuganda, na mutu anaanza kutoka damu nyuma ya saa mingi, wakati alipozani amepona.

Hapa kuna habari ya kweli ambayo kila kijana anayejifanya mujuzi aisikie. Karl Patterson Schmidt alikuwa mutaalamu mukubwa wa nyoka huko Marekani. Aliandika juu ya nyama wa magamba wa Kongo tangu 1919. Katika Septemba 1957 zoo ya Chicago ilimutumia nyoka mudogo wa Afrika kusudi aseme ni wa aina gani. Alama moja chini ya mukia haikuwa sawa na vile vitabu vinavyosema, basi akawa na mashaka. Alipokuwa anamushika, nyoka akamuuma kidole kwa jino moja. Alizani ni kitu kidogo, hakuenda lupitali. Alikaa nyumbani, akaandika katika daftari mambo yote aliyokuwa anasikia katika mwili wake. Siku iliyofuata alikufa. Alikuwa na miaka 67. Yule nyoka alikuwa boomslang mutoto.

Kama mutaalamu wa namna hii alipotea kwa kushika nyoka kusudi amutambue, wewe uliyesoma ukurasa mumoja utafanya nini? Sheria yetu ni moja: nyoka anatambuliwa na macho na foto kwa mbali, hapana kwa mukono. Hata aliyekufa usimuguse kichwa. Kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma bado.

KAMA NYOKA AMEUMA MUTU

Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) liliandika kuumwa na nyoka kati ya magonjwa yaliyosahauliwa katika mwaka 2017. Linasema kila mwaka katika ulimwengu watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kwa sumu ya nyoka. Wengi ni watu wa mashamba, na watoto. Basi mushike maneno haya nyumbani:

– Mutu aliyeumwa atulie, asikimbie. Mumubebe, ao mumupandishe pikipiki katikati ya watu wawili.
– Ondoa pete, bangili na viatu mbele ya mwili kuvimba.
– Usikate kidonda, usinyonye damu, usifunge kamba yenye kukaza, usitie petroli.
– Jiwe nyeusi, ambalo jamaa mingi zinaliweka katika kabati, halitoi sumu katika mwili. Linapoteza saa tu.
– Kama fira ametema mate ndani ya macho, yaoshe na maji mengi, kwa muda mrefu.
– Mupeleke kwa munganga upesi. Kama lupitali ya karibu haina dawa ya sumu, yaani serumu, waganga watajua kumutuma kwingine.

Na foto? Kama mutu mwingine anaweza kupiga foto ya nyoka akiwa mbali, bila kumufuata, ni musaada mukubwa kwa munganga, maana si kila serumu inafaa kwa kila nyoka. Lakini usipoteze hata dakika tano kwa kumutafuta katika majani. Roho ya mutu ni mbele, foto ni nyuma.

WANYAMA WA MANYOYA

Katika parke kuna pia apareyi zinazofungwa juu ya miti, zinazojipiga foto zenyewe wakati kitu chenye joto kinapita mbele. Usiku foto zake zinatoka nyeupe na nyeusi, rangi zote zinapotea. Hapo watu wanachanganya wenye madoa.

Chui ana mukia mrefu na madoa yaliyokusanyika kama maua. Mondo ana miguu mirefu, mukia mufupi na masikio makubwa yaliyo karibu karibu. Nsimba ni mudogo kama paka, mwenye mukia mrefu wa pete pete. Fungo ni munene, wa chini, mwenye uso mweusi kama amevaa kitambaa. Basi katika foto ya usiku, anza na mukia na masikio, kisha madoa.

Kwa wanyama wa pembe wa bondeni: puku ana rangi ya zahabu, na miguu yake haina weusi. Lechwe ana alama nyeusi mbele ya miguu, na pembe za dume ni ndefu, zinakunjika nyuma. Sitatunga ana manyoya marefu, mistari na madoa meupe, na pembe za kupotoka. Jike za aina zote tatu hazina pembe, kwa hiyo foto ya jike peke yake inataka uangalifu.

Punda milia naye ni ajabu. Upemba inajulikana kuwa makao ya mwisho ya punda milia katika inchi yetu. Mistari ya kila mumoja ni yake peke yake, kama alama ya kidole juu ya karte ya uchaguzi. Walinzi wakiwa na foto wanaweza kusema: «Huyu tulimuona mwaka jana.» Lakini mistari ya kushoto haiko sawa na ya kuume. Kwa hiyo ni lazima kulinganisha upande mumoja: kushoto na kushoto, kuume na kuume. La sivyo utahesabu nyama mumoja mara mbili.

FOTO NZURI INAPIGWA NAMNA GANI?

Piga zaidi ya moja: ya pembeni, ya mbele, na ya mahali alipokaa. Usikate pembe za foto kusudi ipendeze. Majani na maji ya pembeni yanasema mingi. Kwa nyayo, weka kalamu pembeni yake kusudi ukubwa ujulikane. Andika siku, saa na pahali. Usirushe jiwe kusudi nyama ageuke. Usitumie flashi karibu ya macho yake. Ukiwa katika zoo, piga pia kibao cha jina, lakini kilinganishe na nyama mwenyewe, maana wanyama wanahamishwa chumba na vibao vinabaki.

FOTO INAWEZA KUDANGANYA, INAWEZA NA KUUA

Mara mingi tunapokea katika telefone foto ya nyoka mukubwa sana, na maneno: «Ameuawa jana karibu na karieri.» Mutu anatuma kwa watu hamsini bila kuangalia. Mara nyingine ni anakonda wa Amerika ya Kusini, ambaye haishi Afrika kabisa. Anakonda ana rangi ya kijani na madoa meusi ya muviringo. Chatu wa kwetu ana vipande vya kahawia vilivyoungana, na juu ya kichwa alama nyeusi kama ncha ya mukuki. Ukijua tofauti hii, unaweza kusimamisha uongo mbele haujafika kwa jirani.

Na kuna hatari ingine. Telefone mingi zinaandika pahali foto ilipopigwa. Ukituma kila pahali foto ya tembo ao ya kobe adimu pamoja na pahali pake, muwindaji naye anaisoma. Programu kubwa ya kukusanya foto za viumbe, iNaturalist, iliyoanzishwa katika 2008, inaficha pahali pa kweli pa viumbe vilivyo karibu kumalizika. Sisi pia tufanye hivi. Ukiona nyama adimu, mwambie mulinzi wa parke, usiwaambie wote.

Sheria ya inchi yetu ya mwaka 2014 juu ya ulinzi wa viumbe inalinda wanyama hawa. Lakini sheria haitembei porini usiku. Walinzi ndio wanaotembea, na katika Upemba wengine wao walipoteza roho kwa kazi hii. Jirani zao ni sisi. Machimbo yanakaribia, miti inakatwa kwa makala, na tumbo linataka nyama. Hatusemi ni jambo rahisi kwa baba asiye na mushahara. Tunasema tu: lechwe kumi hawawezi kulisha mukoa, hata siku moja. Wakiisha, njaa itabaki pale pale, na lechwe hatarudi.

KAZI YA NYUMBANI NA YA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Mukusanye foto kumi za wanyama zilizo katika telefone za jamaa. Kwa kila moja, jibu yale mambo matano mbele ya kusema jina.

2. Muulize babu na bibi majina ya wanyama hawa katika luga ya kwenu: Kiluba, Kisanga, Kibemba, Kilunda, Kichokwe. Muyaandike pembeni ya jina la Kiswahili. Majina mingi yanapotea pamoja na wazee.

3. Nyoka gani wanaonekana mara mingi pembeni ya nyumba yenu? Wanafuata nini? Kama ni panya, mufanye nini na takataka na gunia za mahindi?

4. Kama mutoto ameumwa usiku huu, mutamupeleka wapi, na nani ana pikipiki? Jibu hili lijulikane na kila mutu wa nyumba mbele ya kulala.